Kidonge cha Daku

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe lililotiwa wanga mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Sista Mkuu akanitazama toka kofia hadi viatu, kisha akanikabidhi beseni la matapishi. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu katika hospitali moja mjini Tanga, miaka ya hamsini. Nilikuwa binti wa Kibondei kutoka Muheza, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na nilidhani najua kila kitu. Ninyi mnaosomea unesi leo mtanisamehe nikicheka, maana nawaona na ninyi mnajua kila kitu.

Baada ya kuzungushwa wodi za watoto na wazazi, nilipelekwa kwa Bwana Mganga Mkuu, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili kizuri na subira haba. Alikuwa akifanya utafiti juu ya baridi yabisi, yale maradhi ya viungo kuvimba na kukakamaa. Mchina mmoja aliyekuwa akinunua majongoo bahari kule Moa alikuwa amemwonyesha vidonge vya miti shamba ya kwao, vyeusi, ukubwa wa kunde, vilivyokandwa kwa asali. Wagonjwa waliokubali waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vidonge hivyo, na jingine dawa yetu ya maji ya siku zote.

"Sifa si ushahidi, Nesi," aliniambia. "Kwanza tulinganishe, ndipo tuseme."

Katika fungu la vidonge alikuwamo Bi Mwanakombo, msuka mikeka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja hata kushika miyaa ya kusukia ikawa taabu, na mjukuu wake alikuwa aolewe baada ya Idi. Mkeka wa harusi ulikuwa umefika nusu. Kwa vidonge vya Mchina vidole vikaanza kufunguka. Kila akija kliniki alinipungia mikono yote miwili, makusudi, nione. Nilimpenda sana mama yule.

Ramadhani ikaingia, na mambo yakaharibika. Bi Mwanakombo alikuja ameshika kifua, hata mate kumeza yanamuuma. Wakafuata wenzake wa mjini, wote wa fungu la vidonge. Bwana Mganga Mkuu akampitishia Bi Mwanakombo bomba lenye taa ndani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Akakuta umevimba na kuchubuka.

"Dawa inaunguza watu," alisema akinawa mikono. "Kesho nafunga utafiti."

Bi Mwanakombo alisikia. Hakulia, alitazama vidole vyake tu, na mimi ndiye niliyetokwa na machozi.

"Lakini Bwana Mganga," nikasema, "wale wa mashamba ya mkonge kule Pongwe wanameza vidonge hivi hivi na hawaungui."

Akakaa. Nitamsifu kwa hilo mpaka nife, kwamba bwana yule alipopewa neno la maana hakuuliza limetoka kwa nani. "Na kidonda kipo katikati ya umio," akasema taratibu. "Ingekuwa asidi ya tumbo, ingeunguza huku chini. Kitu kinanasa pale. Muulize anamezaje."

"Shikamoo, Bi Mwanakombo," nikaanza upya, kwa adabu. "Hebu nieleze, kidonge unakimeza vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Si mlisema baada ya chakula cha asubuhi? Asubuhi yangu mwezi huu ni daku. Nakula, naona adhana i karibu, nakitia mdomoni na funda moja la maji, najilaza."

"Unajilaza pale pale?"

"Wataka niende wapi saa hizo, sokoni?"

Bwana Mganga Mkuu alicheka hadi miwani ikamtoka. Kidonge cha asali, funda moja, halafu mtu kalala: kinaganda njiani na kuchoma kilipoganda. Wa Pongwe, wengi wao Wakristo, walikinywea chai kisha wakashika njia ya shambani. Sisi tulioandaa utafiti, hakuna aliyekumbuka kwamba mwezi ule nusu ya mji hula chakula cha asubuhi kabla ya alfajiri.

Tukawapumzisha hadi maumivu yakaisha. Kisha amri ikawa mpya: kidonge baada ya futari, bilauri nzima ya maji, na asilale mtu.

"Nitalalaje?" Bi Mwanakombo akauliza. "Baada ya futari nina sala ya tarawehe. Nasimama mpaka magoti yanaimba."

"Ndiyo dawa yenyewe," akajibu Bwana Mganga Mkuu.

Vidonge vile viliwafaa baadhi, wengine havikuwafaa kitu, na ndivyo tulivyoandika. Bi Mwanakombo alikuwa miongoni mwa waliofaidika. Mkeka ulitandikwa siku ya harusi, nami nilikuwa pale, nikala pilau mpaka nikaona haya. Baadaye akanisukia na mimi wangu.

Nilifanya kazi chini ya waganga wakuu wengi hadi nikastaafu, na kila mgonjwa niliyempa kidonge nilimuuliza kwanza kwao wanakula saa ngapi. Sasa magoti yangu nayo yamekakamaa. Kila jioni nameza vidonge vyangu kwa bilauri nzima, nimesimama juu ya mkeka wa Bi Mwanakombo, kisha nazunguka sebuleni. Wajukuu zangu, watoto wa kwaya hao, wananiuliza, "Bibi, tarawehe imeanza?"

Nawajibu imeanza, wanipishe.