Fundi wa Magitaa na Nyuzi za Jua

Fundi wa magitaa alikuwa na masikio yasiyo na adabu. Mbu akipiga chafya chumba cha pili, yeye humwambia pole. Usipoamini shauri yako. Kisha uzee ukaingia, masikio yakaanza kumtoroka, mkewe akawa anamwita kwa kumrushia ndala. Akivuta uzi wa gitaa, anauona unatetemeka, sauti haiji. Na fundi asiyesikia atakaza nini? Akawa anashinda karakanani bisibisi mkononi, akiwapiga wateja kalenda, akiogopa siku watakapojua.

Mpwa wake, binti wa dada yake, kazi yake ni kulitazama Jua kwa mitambo. Alipokuja kumjulia hali alimwonyesha picha inayotembea kwenye simu: matao ya moto yamesimama juu ya Jua, kila tao limefumwa kwa nyuzi za sumaku, na ndani yake mawimbi yanapita taratibu, taratibu. Fundi akasinzia nayo mkononi. Akajikuta huko huko, peku, moto haumuunguzi, anapita kati ya nyuzi ndefu kama barabara, zote zinatetemeka kimya, naye anazipapasa kama nywele za mtoto aliyelala.

Alipozinduka alisema lazima kuna mkono unaozivuta pale kileleni, zinapocheza sana. Binti akacheka, akamsemea kwa nguvu sikioni.

“Tazama miguuni, mjomba. Uso wa Jua unatokota kama uji. Ule mtokoto unasukuma miguu ya nyuzi huku na huku, basi wimbi linaanzia chini, linapanda.”

“Na sauti yake?”

“Hatuisikii. Kati yetu na Jua hakuna hewa ya kutuletea. Mawimbi tunayaona tu yakipita.”

“Kumbe na nyie viziwi,” akasema fundi, na hilo likamburudisha kuliko dawa zote za masikio.

Miguuni. Akavuta gitaa la mteja, akainama hadi pale nyuzi zinapokalia ubao, akaung'ata ubao kwa meno, yake na ya kununua. Akagusa uzi. Mvumo ukapanda taya, ukazunguka fuvu, ukaenea kichwani kama maji ya uvuguvugu. Akakaza kidogo, akagusa tena, amefumba macho.

Mkewe alichungulia, akamnong'oneza binti afiche viti, mzee ameanza kula mbao.

Gitaa lilitoka na alama za meno. Mteja mwenyewe alipolipiga alilirudia tena na tena, akauliza kama fundi anaweza kuling'atia na la kaka yake.