Mvua ya Mabati kwa Mtu wa Theluji

Braza alikuwa Ulaya, kwenye milima ya Alpi, mahali ambapo watu wazima wenye akili timamu wanalipa ili wateremke kilima wakiteleza. Kwetu huku upande wa Kiptere, kwenye vilima vya chai, ukiteleza unachekwa bure. Alikuwa ameenda kukimbia mbio za milimani, goti likakataa, na hoteli moja ikamwokota. Mchana alikausha viatu vya wageni, jioni akaosha gilasi kwenye disko.

Kuandika barua ilimshinda tangu shule, kwa hivyo alituma kaseti. Mama akimaliza kukama alikuwa anaiweka kwa redio, anaketi kwenye kile kiti chake kifupi cha jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

"Mama, huku theluji imefika dirishani," braza alisema ndani ya redio. "Watu wanapandishwa mlimani wakiwa wameketi kwenye viti vinavyoning'inia kwa waya, halafu wanashuka na mbao miguuni, mbio kama ndama amekatwa kamba. Na jioni hawaendi nyumbani. Wanaingia disko na vile viatu vyao vya kutelezea, vizito kama matofali, na wanacheza."

"Na ng'ombe wao wanakamwa na nani?" Mama akauliza redio.

Nyuma ya sauti ya braza muziki ulidunda na watu walicheka. Nilitaka kuwa pale, nimevaa ile miwani yao mikubwa, nikiwafundisha wazungu kucheza. Lakini zaidi nilimtaka yeye. Tangu aende hakukuwa na mtu wa kunipiga ngumi ya bega nikisema upuzi, na upuzi usiopigwa unakuwa mzigo kwa mwenyewe.

Mwisho wa kaseti sauti ilishuka. "Theluji inaanguka bila kelele. Nikilala ni kama sina paa juu yangu. Nirekodieni mvua kwa mabati ya jikoni. Msimu wa theluji ukiisha narudi nyumbani."

Mama alishika hilo neno la mwisho tu. Alilirudisha nyuma na kulisikiliza tena mpaka betri zikachoka, nikazianika juani zipate nguvu. Kisha akaleta kaseti yake ya kwaya, ile aliyokataa kumwazima hata mke wa pasta.

"Rekodi juu ya hii," akasema.

"Na kwaya?"

"Kwaya iko kanisani kila Jumapili. Mtoto wangu hayuko."

Nikaziba vile vishimo vya juu vya kaseti na karatasi ili ikubali kurekodiwa, tukangoja mvua.

Ilikuja alasiri, na ilikuja na mawe ya barafu. Upande wa Kericho mjini mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri ya shule. Mama akarusha jivu uani, vile nyanya yake alikuwa anafanya kufukuza mawe, halafu akaanza kumwomba Yesu.

"Mama, unawachanganya."

"Funga mdomo, washa redio."

Nikabonyeza vile vitufe viwili pamoja. Mabati yakapigwa mpaka kuku wakakimbilia chini ya meza. Mama aliinua redio kwa mikono miwili kuelekea paa, kama mtu anayemweka mtoto wake wakfu kanisani, na hakuishusha mpaka kelele ikapungua.

Tulipofungua mlango, kilima chote kilikuwa cheupe. Sijawahi kuona shamba letu likiwa na sura nzuri namna hiyo. Nikachukua epron ya plastiki ya Mama, ile anayovaa akichuma chai, nikapanda juu, nikaikalia katikati ya mistari ya chai.

"Braza, hapa ni Alpi ya Kiptere," nikapiga kelele ili redio inisikie. "Hakuna kiti cha waya, tumepanda na miguu." Nikashuka na mawe yakishuka pamoja nami, mpaka nikasimamishwa na mtaro. Nilirudi jikoni nimelowa mpaka kaptura, nikatangaza kwamba sasa ni disko, nikacheza na gambuti huku nikigonga sufuria. Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Kaseti ilinasa yote.

Kisha akatazama nje tena, na kicheko kikamwisha. Majani mawili na kichipukizi, yale tuliyokuwa tuchume kesho yake, yalikuwa yamelala chini yamepasuka. Miti ya chai ilibaki vijiti.

"Nimwambie chai imekwisha?" nikauliza.

"Usiguse hayo maneno. Akisikia chai imekufa atabaki huko atutafutie pesa. Mwambie tumecheka."

Nikasogea karibu na redio nikasema, "Braza, tumecheka." Kesho yake nikaipeleka posta.

Jibu lilifika wakati chai ilikuwa imeanza kuchipua. Mama akaketi kwenye kiti chake. Disko lilikuwa pale pale nyuma ya sauti, na viatu vikigonga sakafu.

"Nimesikiliza jikoni yetu, nimelala kama mtoto," braza akasema. Mama akatabasamu. "Lakini Mama, ile haikuwa mvua. Yale yalikuwa mawe, na makubwa. Mimi nimezaliwa kwa chai, najua shamba lilibaki namna gani. Nimeongea na mwenye hoteli. Nitabaki mpaka theluji ingine."

Tulikuwa tumeficha neno, tukatuma kelele yake.

"Na huyo mjinga," akaendelea, "mwambie watu wa huku hawatelezi na makalio."

 Braza ni kama alisahau kuzima, kwa maana kaseti iliendelea kuzunguka: muziki, gilasi zikigongana kwenye maji, mtu fulani akicheka kwa lugha yake. Tuliisikiliza hivyo hivyo mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Ndipo nikaona nimesogea karibu sana na redio, bega mbele, kama anayengoja ngumi.