Msutaji wa Jua

Upande huu wa mto, Jua ni mzee mvivu. Hana haya wala haoni vibaya: jioni anaingia kitandani kabla ya watu wote, na asubuhi asiposutwa hatoki. Ndivyo walivyoamini mababu, na wajukuu hawakuona sababu ya kujisumbua kuamini kingine. Kwa hiyo mtaa ulikuwa na mwanamke wake wa kumsuta, na watu walimwita Msutaji, kama vile hakuwahi kupewa jina na wazazi wake.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Alfajiri, macho bado mazito, alijifunga shuka, akapanda ngazi ya mbao hadi juu ya paa lake la bati, akashika kiuno na kuelekea mashariki.

"Wee mzee! Bado umelala tu? Kuku wameamka, punda wameamka, hata yule mlevi wa kona kaamka, wewe unajikunja kwenye shuka kama mzazi aliyejifungua jana! Toka tukuone hiyo sura! Joto unatupimia, mwanga unatupimia, usingizi ndio hujipimii!"

Mtaa ulicheka vitandani. Jua akachomoza. Msutaji akashuka kuchemsha chai, koo likimuwasha.

Watu wa kwingine aliwadharau wote, bila upendeleo. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hilo alilijua, ila hao wengine aliona wanavuta hewa tu. Kule milimani Jua ni yatima mwenye aibu, na watu wazima na ndevu zao hutembea asubuhi nzima wakitazama chini, wasije wakamtia haya akarudi alikotoka. "Ndiyo maana wote wana makovu kwenye paji la uso," alisema Msutaji. Watu wa nyika wana majua mawili, mapacha wanaopokezana zamu, na wazee wao hugombana mchana kutwa ni yupi aliye kazini leo, huku jasho linalowatoka ni lilelile.

Lakini hakuna waliomkera kama watu wa ng'ambo ya mto. Kule Jua ni bi harusi mwenye deko, na yuko mwanamke wao, Mbembelezaji, wa kumwamsha kwa sauti ya asali: "Amka kipenzi, amka mrembo, dunia yakungoja." Upepo ulipotoka upande huo Msutaji alizisikia sifa hizo akatema mate.

"Mimi namtoa kitandani, mwenzangu anamfunika tena!"

Sasa binti yake wa pekee, fundi cherehani, msichana wa maneno machache kama vile hakuzaliwa na mama huyo, akapata mchumba. Kijana fundi bomba, mwenye adabu zake. Mtoto wa nani? Wa Mbembelezaji.

"Wanaume wote hawa waliojaa," Msutaji alisema, "ukamwona huyo tu?"

Alikubali kwa shingo upande. Lakini harusi ilipokaribia, binti alisimamisha cherehani yake akamtazama.

"Mama, asubuhi ya harusi usimsute Jua. Kwao ni mkosi, bi harusi kuingia nyumbani siku ambayo Jua katukanwa. Nyamaza siku moja tu."

"Na asipotoka?"

"Atatoka."

"Nani kakwambia?"

Binti aliukata uzi kwa meno. "Ukipanda juu ya paa, Mama, mimi sitakuja kukuaga."

Msutaji alikosa usingizi. Jua asipotoka, harusi ingefungwa gizani na dunia nzima ingemnyooshea kidole. Akitoka, hapo ndipo pabaya zaidi. Ingekuwa amebwata maisha yake yote bure, yeye na mama yake aliyemwachia kazi ile. Alikuwa akiogopa, na hofu ilimtia hasira, na hasira hakuwa na wa kumtupia, maana ulimi wenyewe ndio ulioombwa likizo.

Asubuhi ya harusi alikaa chini ya ngazi, kitambaa mdomoni. Kutoka ng'ambo hakusikia kitu. Akadhani upepo umegeuka. Mbingu ikawa kijivu, ikawa nyekundu, kisha Jua akatoka, mzima, bila haraka yoyote.

"Ni yule mwanamke," Msutaji alijiambia. "Leo ni harusi ya mwanawe, kabembeleza mpaka basi." Ilimuuma, lakini ilikuwa nafuu: angalau kuna aliyeita.

Majirani hawakuumia hata kidogo. "Leo umemsuta kimoyomoyo, eh? Bingwa wewe!" Aliwatazama kwa dharau. Hata nikifa, aliwaza, hawa watasema namsuta nikiwa kaburini.

Huko harusini, watu wakiwa wameketi uani na sahani zao mapajani, Mbembelezaji alimfuata. Mwanamke mnene, mpole, aliyevaa vizuri na kulia vibaya, macho yamemvimba.

"Ahsante, mkwe mwenzangu. Najua ulimsuta kwa sauti ndogo ili nisikwazike. Bila wewe leo tungeumbuka."

"Mimi? Mimi nimefunga mdomo. Si wewe uliyembembeleza?"

"Nimenyamaza mie! Mwanangu kaniomba. Kasema sifa zangu zinakuudhi, na bi harusi anataka amani."

Waligeuka kumtazama bi harusi. Bi harusi ghafla akawa na kazi kubwa sana ya kurekebisha pindo la gauni lake. Kisha wote wawili wakainua macho. Jua alikuwa utosini, anawaka, wala hana habari na mtu.

Msutaji aliweka sahani chini, akapanda juu ya benchi, mchana kweupe, akiwa na nguo zake za harusi.

"Wee mzee! Kumbe unaweza? Kumbe kuamka unajua, miaka yote hii? Mama yangu alikata roho chumbani, mimi niko juu ya paa nakuita wewe! Nilisema nitakaa naye, yeye akanifukuza. Akasema panda, Jua kwanza. Niliposhuka alikuwa ameshapoa! Na ungekuja tu? Hata ningemshika mkono, ungekuja tu?"

Wageni walicheka mpaka wakapaliwa. Walipiga makofi, wakagonga sahani, wakasema leo Msutaji kajipita mwenyewe. Binti alikuwa amesimama wima, hacheki.

Mbembelezaji naye hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaisogelea benchi na kumshika Msutaji pindo la nguo.

"Usishuke kwanza, mwenzangu," alisema. "Mwulize na la kwangu. Mie matusi siyajui."