Madam Athieno ametugombeza siku ya kumuaga

Leo tumegombezwa mbele ya wageni wote, na mpaka sasa natabasamu.

Tulikuwa mjini Tororo kumpa tuzo Madam Athieno, aliyetufundisha fiziotherapia wodini tukiwa wanafunzi. Anastaafu.

Jina likaitwa. Kufika kwenye ngazi za jukwaa, goti likamkatalia.

Sisi wanafunzi wake wa zamani tukamrukia. Huyu kamshika kwapani, yule kiunoni. Mimi nikamvuta mkono.

"Wacha!" Madam akafoka. "Nani amemuuliza mgonjwa?"

Sote tukamwachia.

Jamani, kwa mawazo nikarudi wodini papo hapo, enzi zile za uanafunzi. Nikamwona yule mama muuza samaki wa Majanji, amepooza upande mmoja, na sisi tumesimama kama miti. Madam akachuchumaa mbele yake.

"Mama, leo unataka kufika wapi?"

"Dirishani tu, nione watu."

Basi tukaenda dirishani. Asubuhi nzima! Hakuna aliyeruhusiwa kumharakisha.

Leo nami nikachuchumaa, suti na yote.

"Madam, nikusaidie vipi?"

"Lete bega. Usivute. Nakwenda mwenyewe."

Akapanda polepole, nami pembeni yake. Akapokea tuzo, akapewa maikrofoni. Tukangoja hotuba.

Mkono wake ukabaki begani mwangu.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," akasema. Basi. Akarudisha maikrofoni.

Nina mvi, nina wajukuu, lakini nililia pale pale jukwaani.

Mliofundishwa na Madam, mko wapi? Wewe alikugombezea nini?