Siku Georgina Alipokataa Kuogeshwa

Ukoo mzima ulikaa kikao kwa sababu mke wa mtu amekataa kuogeshwa.

Msicheke. Ilikuwa 1975, kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba, na aliyekataa anaitwa Georgina. Mwanamke mtulivu, wa kuitikia "waitu" kwa heshima hata akitukanwa. Siku hiyo alisimama mlangoni, akalitazama karai la majani yaliyochemshwa, akasema haogi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtamwona kichaa kama walivyomwona wao.

Georgina alitoka Maruku akaolewa na Apolinary, kijana wa kanisani, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Miaka mitano, mtoto hakuna. Na si mtoto tu. Kila mwezi tumbo la chini lilimkata mpaka anatapika. Tena alikuwa anatokwa na uchafu wenye harufu, jambo ambalo hakumwambia mtu ila shangazi yake, Klaudia.

Kwenye shamba la kijiji akikaa chini kushika tumbo, balozi wa nyumba kumi anamwandika mvivu.

Mama mkwe, Ephrasia, naye alishatoa neno. Kahawa ya mwaka huu ikishaanikwa na tumbo bado tupu, Georgina anarudi kwao. Apolinary alisikia, akaendelea kumenya ndizi yake.

Kwa hiyo hospitali ndiyo ilikuwa kila kitu. Akijua anaumwa nini atatibiwa, na akitibiwa atabaki.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Kwetu shangazi ndiye anayemfunda binti na kumkabidhi kwa mume. Binti akionekana mchafu, aibu ni ya shangazi. Leo Georgina avue nguo mbele ya daktari mwanamume, tena ananuka? Klaudia asingeweza kuishi na hilo.

Kila safari ya hospitali, kule Bukoba, alikuja siku moja kabla. Anachemsha majani machungu, anamwosha nje na ndani, jioni na tena alfajiri. Halafu anampa vidonge viwili, vile vya rangi mbili, ameze ili harufu ikate.

Georgina anafika hospitali anang'aa.

Mara ya kwanza walimpima, wakaandika: safi. Mara ya pili safi, na akaambiwa apunguze mawazo. Mara ya tatu daktari hakuinua hata uso, alimwambia mama huna ugonjwa, nenda kalime.

Hebu fikiria. Kuomba barua ya ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, basi, foleni kutwa nzima. Unaumwa mpaka unatapika, na karatasi inasema huumwi. Georgina alilia njia nzima kutoka Bukoba mpaka Muleba, abiria wakampa pole wakidhani amefiwa.

Safari ya nne alimkuta muuguzi wa makamo, Bi Mastura, mama wa mtaa wa Miembeni pale mjini. Georgina alipopanda kitandani, Bi Mastura alivuta pumzi mara mbili.

"Mwanangu, umejiosha na nini?"

Georgina akaeleza yote, majani na vidonge, tena kwa fahari kidogo. Bi Mastura aliweka chini kijiti chake cha kupimia.

"Kwa hiyo miaka yote hii unatuletea nyumba iliyokwisha kufagiwa, halafu unatuuliza takataka ziko wapi?"

Akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Majani asiguse, kidonge asimeze. Aje ananuka, wao ndiyo kazi yao.

Ndipo tukafika kwenye lile karai.

Klaudia alilia kwamba anavuliwa nguo hadharani. Ephrasia akaita kikao. Ajabu, aliyekazana kuliko wote alikuwa Apolinary, mtu ambaye mambo ya wanawake hajawahi kuyaingilia. Alirudia mara tatu kwamba mkewe aoge na ameze vidonge vyake.

Georgina aliondoka alfajiri kwa miguu, akapanda basi hivyo hivyo alivyo. Kiti cha jirani yake kilibaki wazi mpaka Bukoba. Aliona aibu mno, nasema kweli, lakini hakushuka.

Mchana majibu yakatoka. Ugonjwa wa zinaa, wa siku nyingi, umeshapanda mpaka kwenye mirija. Bi Mastura akamwambia mume naye lazima aje atibiwe.

Georgina hakuwahi kumjua mwanamume mwingine maishani mwake.

Alirudi akawakuta wote wamekaa, akaiweka karatasi katikati na kueleza ilichosema. Ephrasia akamuuliza ameuokota wapi. Apolinary, bila kumtazama, akasema huyu mwanamke amezidi safari za mjini.

Georgina alimgeukia Klaudia.

"Shangazi, vile vidonge ulikuwa unanunua duka gani?"

Klaudia akashangaa. "Dukani? Mimi nina hela gani ya dukani, waitu. Alikuwa ananipa mumeo."



Apolinary akabanwa mpaka akasema. Mwaka mmoja kabla ya ndoa alikwenda Bukoba na kahawa, akarudi mkojo unamchoma. Mtu akamuuzia vidonge, akapona, akaficha vilivyobaki kwenye kopo. Mke alipoanza kuumwa alijua. Aliogopa hospitali wasije wakamwita.

"Nilifikiri viwili viwili vitamsaidia," akasema. "Bila kelele."

Viwili. Vya kudanganya kipimo, si vya kuponya.

Georgina hakungoja kahawa ianikwe. Alifunga mzigo wake mwenyewe, akaenda kutibiwa, kisha akarudi Maruku.

Najua mnasubiri niseme alizaa mapacha. Hakuzaa. Maumivu yaliisha, lakini mirija ilikuwa imeshaharibika, wakati karatasi zinaandika safi, safi, safi. Inaniuma mpaka leo.

Inaniuma kwa sababu Georgina ni shangazi yangu. Mimi nilipoolewa na tumbo likaanza kunisumbua, ndiye aliyekuja kunisindikiza. Asubuhi nikamuuliza nijisafishe vipi ili daktari asinicheke.



"Nenda hivyo hivyo ulivyo," akaniambia. "Na mumeo mwambie avae viatu. Mnakwenda wawili."