Spishi Mbili Zilizokuwa Moja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi mke wangu aliniita kutoka uani. Tunaishi Segerea, na kando ya karo la kufulia ndipo ninapoweka ndoo yenye majani yaliyooza ya msitu wa Pugu. Humo niliwafuga jamaa wa buibui wenye mwili kama punje ya dengu na miguu mirefu kama nyuzi. Hawafumi utando, hawana sumu, na hawa wa Pugu hakuna mtaalamu aliyewahi kuwaelezea kwa maandishi. Hilo nilikuwa nimelihakikisha kwa miaka mingi, kwa kusoma peke yangu na kwa hadubini ya mtumba.

Kwangu walikuwa spishi mbili: mmoja mkubwa, mwenye miiba kwenye miguu ya nyuma, na mwingine mdogo asiye na miiba. Maelezo yao, pamoja na vielelezo vyao kwenye chupa za spiriti, nilikwishayakabidhi ofisi ya basi, yaondoke saa moja kwenda kwa mtaalamu wa Morogoro ambaye angeyapeleka yachapishwe.

"Baba watoto, njoo uone. Yule wa miiba na yule mdogo wanaoana."

"Wanapigana hao."

"Shauri yako. Mie nina watoto wanne, kupigana nakujua."

Nilipiga magoti na lenzi. Walikuwa wametazamana uso kwa uso, namna dume na jike wa jamii hiyo wanavyopandana.

"Kumbe umewapa talaka kwenye makaratasi!" Alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, Kurasini. Sijawahi kuandika aina ya bidhaa kabla kontena halijafunguliwa. Lakini hawa niliwaandika kutokana na maiti zao kwenye spiriti, kabla sijakaa kuwatazama wakiishi.

Bodaboda ilinifikisha kwenye ofisi ya basi, nalo likiwa tayari linaunguruma.

"Mzee, tukishusha kifurushi hela hairudi," karani akanionya.

"Shusha."

Nilivichunguza upya vielelezo vyote. Wa miiba walikuwa madume watupu, wadogo majike watupu. Nikaandika spishi moja, na mtaalamu wa Morogoro hakubadilisha kitu: alisema ni mpya, na maelezo yamekamilika. Imechapishwa, na jina nililoipa linamaanisha "wa Pugu". Mke wangu huwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyewafungisha ndoa, nami simpingi.

Hasara ya asubuhi ile, bodaboda na nauli ya kifurushi, ilikuwa shilingi elfu kumi na nane.