Nyumba Niliyotaka Kuiweka Rahani

Kosa ni langu, sina wa kumlaumu. Nilitaka mkopo nijenge vyumba vya kupangisha hapa Kismayu. Afisa wa benki akauliza nitaweka rahani nini.

"Nyumba yangu," nikajibu, kifua mbele.

Akaja kuikagua. Nikamwonyesha kuta za mawe, kisima, hata mlango niliouchonga mwenyewe. Mke wangu, Mwanaesha, akatuletea kahawa, akasikiliza.

"Hati iko wapi, mzee?" afisa akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nyumba ile Mwanaesha alipewa na baba yake tulipooana, kama desturi yetu Wabajuni. Nimeishi humo mpaka nikasahau.

"Hati ninayo mimi, mwanangu," Mwanaesha akamwambia, akicheka. "Huyu bwana ni mpangaji wangu, na kodi hajawahi kulipa."